Mengineyo

Kikao kiliitwa saa kumi,
kikaanza saa kumi na moja na robo
katika darasa la chekechea kule Sahare,
watu wazima tumekalia viti vya watoto,
magoti yametufika kidevuni.
Mimi nilikuwa ajenda ya sita: Mengineyo.

Kabla yangu walijadili taka,
mbwa wa Mhina,
pampu ya maji iliyokufa tangu Shaabani
na nani anazo risiti za pampu.
Risiti hazikuonekana. Tukaendelea.

"Nyumba namba kumi na tisa," akasoma katibu, Bwana Kihiyo,
"anaomba kubadili uwanja wa mbele."
Anaomba. Na mimi nimekaa hapo hapo,
nasomwa kama mtu aliyesafiri.

Nilileta kila walichotaka:
barua nakala tatu, elfu tano ya fomu,
na ramani.
Ramani aliichora mjukuu wangu Mbwana
kwenye karatasi ya hesabu,
kila kijumba futi moja.
Mrehani kaupaka kijani, mlimau vile vile.
Asumini nyeupe haionekani juu ya weupe,
basi kaipaka bluu.

"Asumini ya bluu?" akauliza Mama Hiza wa namba nane.
"Hiyo mbegu yake inauzwa wapi?"
Wakacheka. Nikacheka nao;
mwombaji aliyenuna harudi na kitu.

Ndipo Kihiyo akafungua daftari la kanuni,
lile jeusi lenye mgongo mwekundu.
*Mbele ya nyumba patakuwa na ukoka,
umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.
Mmea wowote usizidi kimo cha dirisha.*
Akaligeuza nijionee.

Niliitambua kabla ya kuvaa miwani
ile "k" yenye mkia.
Miaka thelathini na moja iliniandikia ya sokoni:
kitunguu, karafuu, kilo mbili za sukari.
Mwandiko wa Mbaruku.
Mume wangu, katibu wa kwanza wa Nyumba Thelathini,
aliyenywesha ukoka kabla hajanywa chai,
aliyepaka mawe chokaa kila Idi ikikaribia,
akichutama jiwe hadi jiwe
kama mtu anayehesabu deni.

Asumini ilimpigisha chafya.
Hakunikataza kuipanda.
Alipiga chafya tu, nami nikaelewa,
vikuba nikawa nanunua Ngamiani.

"Aliyeandika hii amekufa," nikasema.
Mwenyekiti, Injinia Shemdoe, akakohoa.
"Kanuni haifi, Bi Mwanakombo."
"Haifi. Ukoka ndio uliokufa.
Sasa mawe yanazunguka nini?"

Hapo hata aliyesinzia aliamka.
Mikono tisa juu, minne chini.
Kihiyo akaandika, akisema kwa sauti anachoandika:
asumini, sawa; mrehani, sawa;
mlimau hapana, mizizi itapasua bomba
(bomba lisilo na maji, lakini nilinyamaza);
mawe yabaki;
kimo, dirisha.

Masika yakapita.
Juzi Kihiyo kaja na baiskeli,
utepe wa fundi cherehani shingoni.
Akapima kutoka ardhini, akapima tena.
"Imezidi vidole viwili."
Nikampa mkasi, nikamwambia kata mwenyewe,
mimi mkono haunipi.
Akainama kwenye maua, akavuta pumzi,
akapiga chafya, moja, mbili,
ya tatu akashika dirisha.
Nilikaribia kumwombea afya kwa jina lisilo lake.

Hakukata.
Aliandika kitu, akafunga daftari,
akaondoka na vishada viwili mfukoni mwa shati,
eti vya mkewe.

Mawe bado yapo, yamerudi rangi yake ya udongo.
Kanuni inasema yawe yamepakwa.
Haikusema lini.